Nyimbo 26, majina manne: kisa cha mtunzi Mkongo na nyimbo zake kutoka Dar es Salaam hadi Brussels

Kisa hiki kinamhusu mtunzi wa muziki wa dansi ambaye nyimbo zake zilivuka mipaka mitatu kabla jina lake halijavuka hata mmoja. Jina lake, la bendi zake na ya nyimbo yameondolewa, na baadhi ya miaka imesogezwa. Kilichobaki ni hesabu ya nyimbo, mtiririko wa hatua, na sababu za kila uamuzi. Kimeandikwa kwa ajili ya watunzi, familia zao, na yeyote anayeletewa mfuko wa rambo uliojaa santuri na kuambiwa, "Hizi zote ni za mzee, tusaidieni."

Alikotoka

Alizaliwa Katanga, katika mji wa reli na migodi. Nyumbani walisema Kiluba, mtaani Kiswahili cha Lubumbashi, jukwaani Kilingala. Alifika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa njia waliyopita wengi: meli ya Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie hadi Kigoma, kisha treni ya Reli ya Kati. Hakuwa wa kwanza. Baba Gaston alishahamia Nairobi mwaka 1975, na mwaka uliofuata baadhi ya wanamuziki wake wakajitenga na kuunda Les Mangelepa. Dar es Salaam kulikuwa na Maquis du Zaire, na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliingia mjini 1978 akajiunga na Orchestra Makassy. "Mzaire", kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, mwenye gitaa au sauti hakukaa bila kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mshahara. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi: magitaa yake, ngoma zake, spika zake. Mwanamuziki aliingia na mikono mitupu, akapewa chumba, posho ya mazoezi na mshahara wa mwezi ambao ulichelewa mara nyingi kuliko ulivyowahi. Mtunzi wetu alikuwa mwimbaji wa pili, na kazi aliyotakiwa kufanya zaidi ya kuimba ilikuwa kuingiza wimbo mpya kila baada ya wiki chache. Hakuna aliyeandika popote kwamba wimbo ukiingizwa unakuwa wa nani.

Nyimbo zilivyomtoka mkononi

Dar es Salaam hapakuwa na kiwanda cha kupiga chapa santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na kanda ikabaki redioni. Nyimbo 12 kati ya 26 za kisa hiki ziliishia hapo: zilisikika nchi nzima, lakini hazikuuzwa dukani hata moja. Hilo, kama tutakavyoona, lilikuja kumsaidia.

Santuri zilitoka Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, ukafunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Bendi ilivuka baadaye kidogo, ikaingia studio kwa siku chache, na kwa safari tatu ikatoa nyimbo 14, kila wimbo santuri yake ndogo ya mizunguko 45. Upande mmoja wa sahani ile hubeba kama dakika nne au tano, na wimbo wa dansi ulikwenda nane au tisa. Kwa hiyo ulikatwa: upande wa kwanza maneno, wa pili sebene (sehemu ya magitaa na kucheza), na lebo ikaandikwa "Part 1" na "Part 2".

Chini ya jina la wimbo, kwenye ile karatasi ya duara katikati ya sahani, ndipo jina la mtunzi huandikwa. Nani alimpa mpiga chapa majina hayo? Kiongozi wa bendi, kwa mdomo, akiwa amesimama dukani mtaa wa River Road, Nairobi. Kati ya nyimbo 14, sita zilibeba jina la mtunzi wetu kwa tahajia tofauti, tano zilibeba jina la kiongozi, mbili hazikuwa na jina lolote, na moja iliandikwa "Trad.", yaani wimbo wa jadi usio na mwenyewe.

Malipo yalikuwa ya mkupuo kwa kila siku ya studio. Kila mwanamuziki alitia sahihi stakabadhi ya Kiingereza ya nusu ukurasa. Kwa miaka 30 mtunzi aliamini kwamba siku ile aliuza nyimbo zake.

Ubelgiji

Kanda za wizi ziliua biashara ya santuri Nairobi, bendi zikasambaratika, na katikati ya miaka ya 1990 mtunzi akaishia Ubelgiji. Alifanya kazi ya ghala, akaimba harusini na kwenye misiba ya Wakongo siku za mwisho wa wiki. Hakujiunga na chama cha watunzi cha huko, SABAM, kinachowakusanyia mapato ya nyimbo zao, kwa sababu aliyoisema waziwazi: alidhani ni cha raia. Si kweli. Vyama vya aina hiyo hupokea mtunzi yeyote mwenye kazi inayotumika, na tangu Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2014, namba 2014/26, mwenye haki anaruhusiwa kuchagua chama katika nchi yoyote ya Umoja bila kujali uraia wake wala anakoishi.

Kilichomwamsha ni diski. Kampuni ndogo ya Ulaya ilitoa mkusanyiko wa rumba ya Afrika Mashariki, na ndani yake mlikuwa na nyimbo zake nne. Moja ilikuwa na jina lake la zamani. Mbili zilikuwa na jina la kiongozi wa bendi. Ya nne ilikuwa na herufi D.R., kifupi cha Kifaransa chenye maana kwamba haki zimehifadhiwa, ambacho kwa lugha ya kazi husomeka hivi: mwenye wimbo hatumjui, akijitokeza tutaongea. Miezi michache baadaye kijana wa Bongo Fleva aliandika kuomba ruhusa ya kuimba upya kiitikio cha wimbo mwingine. Mambo mawili hayo, diski na barua, ndiyo yaliyoifanya familia iombe msaada wa washauri.

Hatua ya kwanza ilikuwa kosa

Kabla washauri hawajaingia, ndugu mmoja alimlipa wakili kuiandikia kampuni ya diski barua kali akidai "mapato yote ya nyimbo nne". Barua ilichanganya vitu viwili ambavyo kila mtunzi anapaswa kuvitenganisha hata akiamshwa usiku.

Kuna utunzi: maneno na sauti (melodi) ya wimbo, vitu ambavyo unaweza kuviimba au kuvipiga mluzi. Na kuna rekodi: ile kanda mahususi iliyopigwa studio siku ile. Mwenye rekodi ni aliyegharamia studio au aliyeinunua kwake. Mwenye utunzi ni aliyetunga, mpaka atakapouhamisha kwa maandishi. Kampuni ya diski ilikuwa na leseni halali ya rekodi kutoka kwa mrithi wa prodyuza wa Nairobi, na pesa ya utunzi ilikuwa imeshailipa kwa chama cha watunzi, kama inavyotakiwa kabla ya kuchapa diski. Pesa ilikuwepo, imekaa upande, ikisubiri jina. Kampuni ikajibu kwa wakili wake, mazungumzo yakafungwa kwa miezi saba. Swali la kwanza lingepaswa kwenda kwa chama: je, nyimbo hizi nne zimetangazwa (yaani zimeandikishwa) kwenu, na kwa jina la nani? Swali hilo halina gharama.

Majina kabla ya nyimbo

Washauri walipoanza, hawakugusa nyimbo. Walianza na mtu.

Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwataka Wazaire waache majina ya ubatizo na kuchukua majina ya asili. Mtunzi, aliyezaliwa na kubatizwa kabla ya hapo, alikuwa na jina la cheti cha ubatizo, jina la kitambulisho cha Zaire, jina la jukwaani alilopewa Dar es Salaam, na jina la karatasi za Ubelgiji, ambako karani alifanya jina la katikati kuwa la ukoo na kugeuza mpangilio. Majina manne, mtu mmoja. Kompyuta ya chama huona watu wanne.

Dawa yake ilikuwa hati ya kiapo iliyoorodhesha majina yote manne na tahajia zote zilizoonekana kwenye lebo (zilikuwa tisa), ikiambatana na nakala za vyeti na picha mbili za zamani zenye maandishi nyuma. Mtunzi anapojiunga na chama hupewa namba ya IPI, utambulisho wake wa kimataifa, yenye tarakimu 11. Jina la jukwaani hupata namba yake pia, lakini zote huunganishwa na mtu yuleyule kwenye kumbukumbu ya kimataifa. Anayesahau kutangaza jina la jukwaani siku ya kujiunga atakuwa anawinda pesa zake mwenyewe miaka nenda rudi. Hatua hii ilichukua wiki sita, na hakuna nyingine iliyozaa zaidi.

Hapo pia ndipo iligundulika kwamba katikati ya miaka ya 1980 alijaza fomu ya chama cha watunzi Nairobi, akasahau. Faili lilikuwepo, limelala. Mtunzi hawezi kukabidhi haki ileile, kwa eneo lilelile, kwa vyama viwili. Yalikuwepo machaguo mawili: kujitoa Nairobi na kuipa SABAM dunia nzima, au kugawa maeneo. Familia ilitaka la kwanza, kwa hoja kwamba Ulaya ndiko kwenye pesa. Washauri walisukuma la pili: Kenya na Tanzania zibaki kwenye faili la Nairobi, kwingine kote kuende Brussels. Hoja yao ilikuwa kwamba redio na kumbi zinazopiga nyimbo hizi ziko Afrika Mashariki, na kijana anayetaka kiitikio yuko huko. Ni rahisi zaidi kumalizana naye kupitia mlango wa karibu. Tutarudi kwenye uamuzi huu.

Kuthibitisha kwamba wimbo ni wako

Hakimiliki haihitaji kusajiliwa ili iwepo. Inaanza wimbo unapotungwa, au, katika nchi kama Kenya, unapowekwa kwenye maandishi au kanda. Lakini chama kikipokea madai mawili juu ya wimbo mmoja kinahitaji kitu cha kushika. Nyimbo 26 ziligawanywa kwa uzito wa ushahidi.

Za santuri zilipigwa picha lebo pande zote mbili, pamoja na ile namba iliyochongwa kwenye plastiki, karibu na lebo, pale sindano inapoishia. Namba hiyo haibadiliki hata lebo ikibandikwa upya na jina jingine, na ndiyo iliyoonyesha kwamba wimbo mmoja ulitoka mara mbili kwa majina mawili. "Part 1" na "Part 2" zilitangazwa kama wimbo mmoja, na majina yote ya lebo yakaandikwa kama majina mbadala ya wimbo huo. Bila hivyo sebene hubaki yatima: redio ikipiga upande wa pili, pesa yake haimpati mtu.

Za redio zilikuwa na faida isiyotarajiwa. Kwenye makasha ya kanda, kando ya jina la bendi, mara nyingi mtangazaji aliandika mtunzi, kwa sababu alihitaji kumtaja hewani. Mtangazaji hakuwa na masilahi. Kiongozi wa bendi hakuwepo kumwelekeza. Kwa nyimbo tisa kati ya 12, kasha lilikuwa na jina la mtunzi wetu. Nyimbo ambazo hazikuuzwa kamwe zikawa na ushahidi safi kuliko zilizouzwa, kwa sababu hapakuwa na aliyeona faida ya kuzigombea.

Kisha mashahidi. Wanne wa bendi walikuwa hai: wawili Dar es Salaam, mmoja Nairobi, mmoja Lubumbashi. Kila mmoja aliulizwa peke yake, kwa simu iliyorekodiwa kwa ridhaa yake, maswali yaleyale kwa mpangilio uleule: nani aliuleta wimbo mazoezini, aliuimba kwa lugha gani siku ya kwanza, nani alibadilisha nini, gitaa la kuanzia ni la nani. Hawakuambiwa mtunzi anadai nini. Swali la namna ya "si kweli wimbo ule aliutunga mzee?" lilipigwa marufuku, mtu mwenye adabu hawezi kumkatalia mwenzake wa zamani.

Mashahidi watatu, bila kujua wenzao walichosema, walitaja nyimbo mbili za redio kuwa za mpiga tarumbeta aliyefariki zamani. Mtunzi alikasirika siku mbili, kisha akakiri kwamba aliziimba tu mpaka zikamwingia. Ziliondolewa kwenye orodha.

Nani alitunga nini

Sehemu hii ilizua mjadala mrefu kuliko zote, na hakuna sheria itakayokupa asilimia. Fomu ya chama huuliza nani mwandishi wa maneno, nani mtunzi wa sauti, nani mpangaji wa muziki, na kila mmoja anachukua ngapi katika 100. Washauri walianza na 50 za maneno na 50 za sauti.

Maneno yalikuwa na tatizo la Kiswahili. Mtunzi alitunga kwa Kiswahili cha Katanga: *batoto banalia*, *banakuya*. Dar es Salaam mwimbaji wa kwanza, mzaliwa wa Tanga, alimnyooshea. "Batoto" ikawa "watoto", na silabi hazikubadilika. Lakini mahali pengine haikuwa suala la herufi. Mtu wa Lubumbashi akiimba kwamba bibi yake amemwacha, analia kuachwa na mke. Msikilizaji wa Dar anasikia bibi mzaa mama amefunga virago. Ubeti mzima ulibidi kuandikwa upya, na picha mpya, na vina vipya.

Kipimo kilichokubaliwa: aliyegeuza matamshi au neno mojamoja hapati kitu, kama asivyopata mhariri. Aliyeandika upya ubeti mzima anapata 15 katika zile 50 za maneno. Nyimbo sita ziliangukia hapo, zikasajiliwa 85 kwa 15. Je, 15 ni haki? Ni makubaliano, na mnyooshaji aliyafurahia kwa sababu hakuwahi kuota kwamba angetajwa.

Gitaa lilipimwa hivi: sebene haikupewa hisa ya utunzi. Ni ubunifu mkubwa, na kuna watakaopinga, lakini katika bendi hizi sebene ilibadilika kila usiku na iliyorekodiwa ni moja tu kati ya mamia. Haki ya mpigaji iko kwenye rekodi, yaani hakishiriki. Ila nyimbo tatu zilikuwa na gitaa la kuanzia ambalo watu hulitambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na kiitikio chenyewe kinalifuata noti kwa noti. Hapo mpiga solo alitunga sauti. Zilisajiliwa 80 kwa 20, na binti yake akatia sahihi kwa niaba ya warithi.

Ule wa "Trad." ulimuumiza mtunzi, kwa maana alikuwa na uhakika ni wake. Mashahidi wawili waliuimba hadi mwisho kabla ya swali la pili: walijifunza kwa mama zao, ni wimbo wa kilio. Alichoongeza yeye ni ubeti mmoja na mpangilio wa bendi. Ulisajiliwa kwa jina lake kama mpangaji.

Warithi wa kiongozi

Nyimbo tano zilikuwa na jina la kiongozi wa bendi, marehemu. Wakili alipendekeza mahakama. Ilikataliwa kwa sababu mbili. Kwanza, familia ingeweza kujibu kwamba mtunzi alikuwa mwajiriwa, na sheria nyingi zenye asili ya Kiingereza humpa mwajiri kazi iliyofanywa ndani ya ajira ikiwa mkataba haukusema vingine. Mkataba haukuwepo, na kuthibitisha ajira ilikuwaje baada ya miaka 30 ni kamari kwa pande zote. Pili, gharama ingezidi mapato ya nyimbo zote tano.

Alitumwa mzee mmoja wa zamani wa bendi, aliyeheshimiwa na pande mbili, na bahasha yenye picha za lebo na nakala za mazungumzo ya mashahidi. Hakuitisha kikao. Alikwenda kusalimia, akarudi wiki ya pili kueleza. Warithi walikubali nyimbo mbili, ambazo mashahidi wote wanne walisema kitu kimoja. Tatu walizikatalia: ushahidi ulikuwa wawili kwa wawili, na moja kati ya hizo ndiyo iliyokuwa ikipigwa zaidi.

Kuhusu ile stakabadhi ya Nairobi, nakala ilipatikana kwa mpiga besi. Ilisema pesa zimepokelewa "kwa huduma za kupiga na kuimba katika rekodi". Neno kuhusu utunzi halikuwemo. Nusu ukurasa ambao hakuna aliyeusoma.

Kijana na kiitikio

Alitaka kuimba upya. Hilo lilihitaji ruhusa ya utunzi peke yake. Kama angekata kipande cha santuri na kukiweka kwenye mdundo wake, angehitaji na ya mwenye rekodi. Wimbo wenyewe ulikuwa kati ya zile ambazo ni za mtunzi kwa asilimia 100.

Familia ilitaka pesa taslimu. Uamuzi ukawa hisa: asilimia 40 ya utunzi wa wimbo mpya, jina la jukwaani kwenye maelezo kila mahali, ruhusa ya wimbo huo mmoja tu kwa maandishi, na kusajiliwa kwa wimbo mpya kabla ya kutoka, si baada. Kijana alikuwa na ubeti wake na mdundo wake, kwa hiyo nusu kamili isingekuwa sawa. Alitaka pia kubadilisha neno moja la kiitikio, wimbo wa majonzi uwe wa bia. Mtunzi alikataa neno hilo, na sheria ilikuwa upande wake: haki ya kimaadili ya mtunzi, ya kutajwa na ya kuzuia kazi yake isipotoshwe, imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya ilijiunga nao 1993 na Tanzania 1994. Kijana akaacha neno lilivyokuwa.

Matokeo

Baada ya miezi 19, nyimbo 26 zilisimama hivi: 11 za mtunzi peke yake, tisa za pamoja, moja kama mpangaji, tatu zenye mgogoro, mbili zimeondolewa. Kila iliyokubaliwa ilipata namba ya ISWC, ile inayoanza na T, ambayo huutambulisha utunzi popote duniani (rekodi ina yake, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, moja haichukui nafasi ya nyingine).

Pesa ya nyuma ilikuwa ndogo. Chini ya Maagizo yaleyale ya 2014, pesa isiyojulikana mwenyewe huweza kuhesabiwa kuwa haigawiki baada ya miaka mitatu tangu mwisho wa mwaka wa hesabu ilipokusanywa. Mapato ya diski ya miaka ya mwanzo yalishapita. Malipo ya kwanza hayakutosha kodi ya nyumba ya miezi miwili. Wimbo wa kijana ulizidi hapo ndani ya mwaka.

Tathmini

Kuanza na majina kulifaa kupita kiasi kilichotarajiwa: nyimbo sita zenye jina lake kwenye lebo hazikuhitaji shahidi tena, tahajia tu zilihitaji kuunganishwa. Kuuliza mashahidi mmojammoja kulifaa pia, na kule kuondoa nyimbo mbili kulikuwa na tija kubwa. Warithi wa kiongozi waliposikia kwamba mtunzi mwenyewe amezirudisha nyimbo za mpiga tarumbeta, ndipo walipofungua bahasha.

Kosa kubwa la washauri lilikuwa la ratiba. Walitaka faili kamili, wakakusanya ushahidi miezi 11 kabla ya kutangaza wimbo hata mmoja. Zile sita za wazi zingeweza kutangazwa wiki ya saba, mara tu hati ya kiapo ilipokamilika. Kusubiri kulikula mwaka mzima wa hesabu wa diski. Unachoweza kukithibitisha leo kitangaze leo, kinachobishaniwa kifuate.

Kugawa maeneo kulifaa nusu. Mgongano wa uanachama ulikwisha, na ruhusa ya kijana ilikwenda haraka. Lakini kila wimbo sasa hutangazwa mara mbili, kwa fomu mbili, na hisa zikitofautiana hata kwa moja mfumo husimamisha malipo. Ilitokea kwa nyimbo mbili: Brussels 85 kwa 15, Nairobi 100. Isitoshe, Tanzania ilikuwa inabadilika. COSOTA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iligeuzwa ofisi ya usimamizi kuanzia 2022, na ukusanyaji wa mirabaha ukaachiwa kampuni binafsi zenye leseni. Kwa mtunzi wa umri huu asiye na mtoto wa kufuatilia fomu, dunia nzima kwa chama kimoja pengine kungekuwa na nafuu. Kwa mwenye miaka 30 anayepiga shoo Dar na Nairobi, hapana.

Haki yake kama mwimbaji kwenye rekodi haikuguswa kabisa. Hilo ni faili lingine, kwa taasisi nyingine (Ubelgiji ni PlayRight), na masharti yake hutegemea rekodi ilifanyika wapi. Aliimba katika nyingi ya hizi nyimbo. Lingeanzishwa sambamba, kwa maana mashahidi walewale wangeulizwa swali moja la ziada: nani aliimba, nani alipiga nini.

Karatasi ya mazoezini

Bendi za leo zenye wanamuziki kutoka nchi mbili au tatu, na Nairobi, Kampala na Dar zimejaa, zinaweza kuepuka miezi 19 kwa ukurasa mmoja siku wimbo unapoingizwa. Jina la wimbo na majina mbadala. Tarehe na mahali. Majina kamili ya kila mchangiaji kama yalivyo kwenye pasipoti, jina la jukwaani, chama chake na namba ya IPI kama anayo. Maneno ni ya nani, sauti ni ya nani, kwa asilimia zinazofika 100 kamili. Aliyetafsiri au kuandika upya ubeti atajwe na ubeti wenyewe uonyeshwe. Kama kuna kipande cha jadi, kiandikwe ni cha wapi na kinaanzia mstari gani. Sahihi za wote, picha kwenye simu, nakala kwa kila mmoja, na rekodi ya simu ya mazoezi yenyewe hata kama inakwaruza. Mwenye vyombo akitaka hisa, aiandike hapo, mbele ya wote, kabla ya kwenda studio.

Nyimbo tatu za mgogoro bado ziko hivyo. Sehemu inayobishaniwa ya mapato yake imezuiwa mpaka pande mbili zitie sahihi karatasi moja. Mwezi uliopita kitinda mimba wa kiongozi aliuliza, kupitia yule mzee, kama mtunzi angekubali 50 kwa 50 katika ule unaopigwa zaidi. Mtunzi amejibu kwamba yuko tayari kwa 60 kwa 40, na kwamba jina la wimbo lirudishwe kwa tahajia ya Katanga.